Njia ya Kibakwe: Vilima Vinalisha, Mto Unazuia

Maharage uliyoyachambua jana jioni kabla ya kuyabandika jikoni huenda yalisafiri njia ambayo wewe mwenyewe hujapata kuipita. Sisi tuishio mijini tukisikia mtu anataja Dodoma, mara moja hufikiria tambarare, vumbi, mibuyu na mifupa ya ukame. Picha hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya picha. Kusini mwa wilaya ya Mpwapwa nchi huanza kuinuka, kilima juu ya kilima, hadi ikutane na safu ya Rubeho, ambako vilele vimepita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na asubuhi mtu hatoki nje bila ya sweta. Huko kuna vijiji vinavyolima maharage, mahindi, viazi na vitunguu. Kati ya vijiji hivyo na soko lako upo mto mmoja wa mchanga, na ipo barabara moja ya udongo.

Kibakwe ndipo mahali pa kujifunza habari hiyo. Ni makao ya kata na tarafa, na jina lake ndilo jina la jimbo zima la uchaguzi la upande huo wa wilaya. Kufika huko kutoka Dodoma mjini, utafuata barabara kuu ya kwendea Dar es Salaam hadi Mbande, kisha utakunja kupitia Kongwa hadi Mpwapwa, mwendo wa kilomita kama 120.

Mpwapwa wenyewe ni mji mkongwe kuliko Dodoma. Misafara ya pwani ilipumzika hapo kabla ya kuingia Ugogo. Wamisionari wa Kiingereza wa CMS walifungua kituo chao mwaka 1876, na mwaka 1889 Abushiri alifika na watu wake akakishambulia kituo cha Wajerumani. Miezi michache baadaye Wissmann akaja kujenga boma. Utafiti wa mifugo ulianza hapo mwaka 1905 na unaendelea hadi leo. Lakini mji wa Mpwapwa unastahili ukurasa wake peke yake. Twende stendi.

Ukitaka kuijua nchi upesi, usiulize maswali. Tazama paa la basi. Basi la kwenda Kibakwe hubeba juu mabati, mifuko ya saruji, mbolea, magodoro, kreti za soda na sahani za umeme wa jua. Likirudi hubeba magunia ya nafaka, alizeti, kuku waliofungwa miguu na madumu matupu yanayorejea kujazwa. Ndani ya basi hakuna nafasi ya kujivuna. Mwalimu anarudi kituoni kwake, mama ametoka kumwangalia mgonjwa hospitali ya wilaya, na kijana wa chuo amebeba kompyuta yake mapajani kama mtoto. Anayepanda mwisho akiwa na adabu husema "Mbukwenyi", salamu ya Wagogo kwa watu wengi, na basi zima humwitikia hata kama nusu ya abiria ni Wahehe, Wakaguru au wageni kama mimi.

MTO WA MCHANGA

Kituo cha kwanza cha maana ni Gulwe. Hapo barabara hukutana na reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Sasa reli ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo ina stesheni Gulwe. Mtu aweza kufika hapo kwa mwendo wa kasi ambao babu yake asingeusadiki. Kisha huteremka na mizigo yake, na kuanza kuuliza habari za mto.

Mto huo ni Kinyasungwe. Ukiuona mwezi wa Septemba utasema mwandishi ametia chumvi. Hakuna maji, upo mchanga mweupe, mpana, umelala juani. Watoto wanachunga mbuzi ndani yake, na akina mama wanachimba vishimo mchangani, wanangoja maji yajikusanye, kisha wanachota kwa kata taratibu mpaka ndoo ijae. Mto huo hauna ubaya na mtu wakati huo. Hulisha na kunywesha.

Lakini mvua za nchi hii huja kwa msimu mmoja, toka mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na huja kwa hasira. Kinyasungwe huanzia mbali upande wa magharibi, kwenye tambarare za Dodoma, na kwa hiyo mvua inayoujaza si lazima inyeshe Gulwe. Waweza kusimama ukingoni, mbingu juu yako haina hata wingu, ukasikia mvumo kama wa lori linalopanda mlima, na punde maji mekundu yakafika yamebeba magogo. Hapo madereva huzima injini. Utingo hukata fimbo, hukunja suruali, huingia majini kupima. Maji yakimfika kiunoni anarudi, na hakuna anayembishia. Abiria huteremka, huwasha moto, huchoma mahindi yaliyokuwa ya kupelekea wajomba. Wapo waliosubiri saa mbili, na wapo waliolala.

Ni vizuri tuelewe kinachotokea, maana wengi hudhani ni kazi ya Mungu tu. Mto wa mchanga hauchimbi chini kama mto wa milimani, hujijaza. Kila gharika hushusha udongo kutoka mashambani na malishoni, maji yakipungua nguvu udongo hutua, na kitanda cha mto huinuka. Mwaka unaofuata maji hayana tena pa kupita, basi hutafuna kingo na kujitafutia njia mpya. Kalavati lililojengwa kwa kipimo cha miaka 20 iliyopita leo limezibwa hadi mdomoni. Ndiyo maana tingatinga linaweza kusawazisha njia ya kuingia mtoni mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Februari mto ukawa umehamia pembeni.

Reli inalijua jambo hili kuliko barabara. Wajerumani walipitisha reli bondeni, kando ya Mkondoa na Kinyasungwe, ili wakwepe vilima. Walikwepa mteremko wakakutana na maji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe vibaya sana hata treni zikasimama kwa miezi kadhaa.

Na udongo unatoka wapi? Jibu lilipatikana hapo hapo Mpwapwa, zamani. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha utafiti walipima vipande vidogo vya ardhi yenye mteremko mdogo tu. Kipande kilichoachwa uchi kilipoteza karibu nusu ya maji yote ya mvua, yakakimbia juu ya ardhi na kuchukua udongo kwa tani. Penye shamba la uwele ilipotea robo hivi. Penye majani yalipotea maji kama asilimia mbili, na penye kichaka kisichochungwa haikufika hata asilimia moja. Vipimo hivyo vimesomwa vyuoni duniani kote. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao ulifanya kazi Kondoa na sehemu nyingine za mkoa pamoja na Mpwapwa, kuchimba makinga maji, kupanda miti na, mahali pengine, kuondoa mifugo kabisa. Hapana shaka kazi hiyo iliacha alama. Lakini anayetazama rangi ya Kinyasungwe mwezi wa Januari anajua kwamba kilima bado kinakuja bondeni.

KUPANDA

Ukishavuka, barabara hugawanyika. Njia moja huelekea Berege, Chitemo na Mima. Yetu hushika kusini. Mwanzoni ni nchi ya migunga na mibuyu, yenye nyumba za tembe zilizobaki moja moja kati ya mapaa ya bati. Kisha ardhi huanza kuwa nyekundu, miti hukaribiana, na dereva hubadili gia mara kwa mara. Korongo hufuata korongo. Kwenye makorongo madogo wamejenga madaraja mfuto, yaani sakafu ya zege iliyolazwa chini ili maji yapite juu yake, na nadhani huo ndio ujenzi wa busara kuliko wote katika nchi ya namna hii: haushindani na mto, unauomba tu usiondoke na barabara.

Barabara hii ni ya mkoa, hivyo iko mikononi mwa Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Njia nyingine nyingi zinazopanda vijijini ni za wilaya, na tangu 2017 hutunzwa na TARURA. Fedha za matengenezo hutoka katika Mfuko wa Barabara, ambao hujazwa kwa tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli. Kwa hiyo wewe uliyepanda daladala asubuhi kwenda kiwandani umekwisha changia greda la Kibakwe, ujue usijue. Una haki ya kuuliza habari zake.

Kibakwe hujitokeza ghafula, katikati ya vilima: maduka, msikiti, makanisa, shule, kituo cha afya, mashine za kukoboa, na pikipiki zilizopangwa chini ya mwembe. Siku ya soko wanaoteremka kutoka milimani hufika alfajiri. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi kando ya debe lake la maharage, maharage mazuri yenye kung'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu maharage."

Nikamwuliza debe moja bei gani leo. Akacheka, akamtazama jirani yake.

"Bei? Uliza kwanza kama lori limefika."

Alikuwa amenipa somo la uchumi kwa maneno machache. Bei ya mazao ya Kibakwe hukamilishwa barabarani. Mto ukipitika, malori mawili matatu hufika, wanunuzi hushindana, debe hupanda. Mto ukifunga, hufika mnunuzi mmoja aliyethubutu, naye hutaja bei kwa sauti ya mtu asiye na mshindani. Mkulima aliyebeba mzigo kichwani kutoka mlimani tangu usiku hawezi kuupandisha tena. Anauza. Wakati huo huo wewe mjini unaambiwa maharage yamepanda kwa sababu barabara ni mbaya. Mkulima kapunjwa kwa sababu ya barabara, mlaji kalanguliwa kwa sababu ya barabara hiyo hiyo, na aliye katikati analalamika kwamba amevunja springi. Malalamiko yake si ya bure, springi zinavunjika kweli. Lakini sijapata kuona mwenye lori aliyehamia kwenye jembe.

Na hapa nitaje lumbesa. Katika bonde la Lumuma, mashariki mwa upande huu wa wilaya, wananchi humwagilia mashamba na hulima vitunguu vingi sana, na Malolo vilevile. Kitunguu hutoka shambani kwa magunia. Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100. Desturi ya njia mbovu inasema vingine. Nauli ya lori na ushuru aghalabu hutozwa kwa hesabu ya gunia, si kwa uzito. Basi mnunuzi hujaza gunia hadi mdomoni, kisha huliongezea kichwa cha vitunguu juu yake, huzungushia kamba kama kilemba, na kuliita gunia moja. Mkulima hulipwa la moja. Viongozi wamelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi, na wakati mwingine magunia yamefunguliwa mbele ya kamera. Kelele zikipita, kilemba hurudi. Mimi naona mizani za kijijini zitasaidia, na ukaguzi pia. Lakini nauli ya juu ya njia mbaya itaendelea kumshawishi mwenye mzigo apunguze idadi ya magunia kwa kuyanenepesha. Utafukuzaje lumbesa sokoni ukiiacha barabarani?

Liko jambo zito kuliko vitunguu. Kituo cha afya cha Kibakwe huhudumia wengi, lakini mgonjwa aliyezidi hupelekwa hospitali ya wilaya Mpwapwa, ng'ambo ya Kinyasungwe. Wanaume wa vijiji vya juu waliniambia kwamba hapo zamani mama mwenye uchungu wa siku ya pili aliteremshwa kwa machela, vijana wakipokezana mabegani. Sasa hupakiwa pikipiki, katikati ya dereva na shangazi yake. Walinieleza hayo kama maendeleo, na ni maendeleo. Katika familia nyingi za huko juu mama mjamzito huteremshwa mapema, wiki kadhaa kabla ya siku zake, akakae kwa ndugu Mpwapwa, hasa mimba ikiangukia Januari au Februari. Kalenda ya uzazi hupangwa kwa kuutazama mto.

UPEPO WA RUBEHO

Juu ya Kibakwe kuna Wotta, Luhundwa, na njia ambazo basi huziacha kwa pikipiki na miguu. Huko utaona mashamba yamelala ubavuni mwa mlima hata unajiuliza mwenye jembe anajishikilia wapi. Ukungu hutoka saa nne. Watoto hunywa chai wamezungukia moto. Kwa mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam, siku ya kwanza ni furaha na usiku wa kwanza ni majuto.

Milima hii ilisafiriwa kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke, wakitoka pwani na wapagazi wao kuelekea Ziwa Tanganyika, walipumzika Lumuma, ambayo Burton aliiandika Rumuma, kwa kuwa misafara ilipata chakula hapo. Yaani bonde hilo lilikuwa likilisha wapita njia miaka zaidi ya 160 iliyopita. Kisha wakaupanda mlima wa Rubeho wakiwa wagonjwa hata kusimama ni kazi. Burton aliandika kwamba jina hilo lina maana ya upepo, na ukisimama kwenye kingo za juu saa kumi jioni hutamhitaji Burton akueleze.

Kwenye vichwa vya milima imebaki misitu ya asili, kama Mang'alisa na Mafwemiro. Katika Mafwemiro alipatikana kwale wa msituni ambaye wataalamu walimtangaza mwaka 2003, ndege ambaye makazi yake ni misitu ya Rubeho. Wazee wa vijiji vya jirani hawakushangaa sana kwamba kwale yupo. Walishangaa kwamba watu wametoka Ulaya kwa ajili yake. Lakini misitu hiyo ina kazi kubwa kuliko kutunza ndege. Ndiyo sifongo inayonyonya mvua na kuitoa polepole kiangazi, na bila maji hayo mifereji ya Lumuma ingekauka. Kinapokatwa kichaka cha mlimani, maji hayapungui kwa mkulima wa vitunguu pekee; kumbuka vile vipimo vya Mpwapwa.

Nchi hii imewahi kuonjeshwa utajiri wa haraka. Mwishoni mwa 2007 yakaanza kuvuma mawe mekundu ya Winza, katika wilaya hii hii, yakuti safi iliyotambuliwa hadi masoko ya Bangkok na Geneva. Mwaka 2008 maelfu ya wachimbaji walimiminika, na njia hizi zikaona magari ambayo hazijapata kuyaona. Mawe mazuri ni madogo, hutoka mfukoni mwa mtu, hayahitaji greda. Huenda ndiyo maana barabara haikufaidi kitu.

Kutoka Kibakwe msafiri halazimiki kurudi alikotoka. Barabara huendelea kuteremka kupitia Rudi, joto likirejea kidogo kidogo, mibuyu ikijitokeza tena, hadi Chipogoro kwenye barabara kuu ya Dodoma na Iringa. Hiyo ni sehemu ya ile njia kuu ambayo wakoloni waliichora kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Ilitiwa lami katika miaka ya 2010, kilomita kama 260 kati ya miji miwili. Mto ukifunga Gulwe, baadhi ya malori huchagua mzunguko huu, mradi makorongo ya huku nayo yawe yameruhusu.

Ukiamua kwenda, nenda kati ya Juni na Oktoba. Chukua koti, chukua maji, na uwe na fedha ndogo ndogo, kwa maana si kila muuza maharage atakuwa na chenji ya noti yako kubwa. Ukiwa na ndugu huko, usimpelekee mkate wa mjini, utafika umekuwa unga. Mpelekee sukari na chumvi. Na ukifika Chipogoro, usishangae watu wakipiga mguu chini mara mbili tatu kabla ya kuvuka lami. Wanakung'uta vumbi jekundu la Kibakwe, kwa sababu mabasi yatokayo Iringa yana viti vya kitambaa, na makondakta wake ni wakali. Wauza perege wa Mtera wameshapanga ndoo zao. Lori la maharage linageuza kichwa kuelekea Dodoma, na utingo, suruali bado imekunjwa, anahesabu magunia upya.